Mwaka Niliopima Njia za Ndege

Jumanne iliyopita tulimzika Mwalimu Yustina, kwao Uru, na hata pale kaburini sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilianza upande wa wanawake, nikahamia nyuma ya wanakwaya, nikaishia migombani karibu na zizi, nikitazama viatu vyangu vilivyojaa udongo mwekundu. Nakaribia miaka sitini na bado sikai. Aliyesoma wasifu alikuwa kijana wa ukoo, na kipaza sauti chake kilikuwa kinakwaruza. Akataja shule alizofundisha marehemu, miaka ya utumishi, ugonjwa, shukrani kwa wauguzi, kisha akasema, "Marehemu pia alipenda ndege," akakunja karatasi. Basi! Alipenda ndege! Utadhani alipenda pipi. Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti niwaambie watu kwamba mama huyu aliwahi kuitembea Moshi yote kwa miguu, kuanzia mashamba ya Kahe hadi ukingoni mwa msitu, masika na kiangazi, vuli na kipupwe, na ratiba zake hazikupishana na saa kwa zaidi ya dakika kumi. Sikusema. Kaburi lake liko hatua tatu kutoka la baba yake, na katikati yameota masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Wachagga huyapanda mipakani na makaburini. Mimi na majani hayo tuna kesi ya zamani, kwa hiyo nikageuza uso.

Baada ya chakula Anita, binti wa kaka yake, ndiye aliyemuuguza, aliniita pembeni akanipa begi la turubai lililochakaa mikanda. "Shangazi alisema hili ni la kwako. Alisema, mpe Zuhura, halafu mwambie akae chini kwanza ndipo alifungue." Nikacheka huku machozi yakinitoka, kwa sababu hata ndani ya sanduku lake bado ananiambia nikae. Sikukaa, wala sikulifungua. Nililibeba hadi nyumba ya wageni mjini, nikaliweka kitini, nikaanza kulizunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilimficha yule mwanamke jambo moja, jambo lake mwenyewe, na sasa amezikwa bila kuambiwa.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri barua ya chuo, na barua haiji. Kila asubuhi nilishuka posta, nikarudi mikono mitupu, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nyumba tuliyokaa Majengo ilikuwa na uwa mmoja na wapangaji watano, na katika chumba cha mwisho, karibu na bomba, alikaa Mwalimu Yustina. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, anavaa raba za kiume, anafundisha sayansi shule ya msingi. Siku moja alinikuta nafagia uwa kwa mara ya tatu, akasimama na kikombe chake cha chai ya rangi akanitazama. "Wewe mtoto, miguu yako ina wazimu," akasema. "Bora uipe kazi. Jumamosi nitakuonyesha njia, wewe utanipimia." Nikamuuliza kupima njia ndiyo kufanyaje. Akaniambia ni kutembea ukiwa na saa, daftari na akili, na kwamba vitu viwili vya kwanza atanipa yeye.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kundi lake la matembezi. Watu walikuwa kumi na wanne hivi, karani wa benki, muuguzi mstaafu, fundi cherehani na mkewe, walimu wenzake, na kila msimu walitembea mara moja, siku nzima, kutazama ndege. Mipango ilifanyika chumbani kwake, na chumba kile naweza kukuchorea hata leo. Kitanda upande wa ukuta, jiko la mafuta ya taa sakafuni, meza moja yenye kitambaa cha kudarizi ambacho hukuona rangi yake kwa wingi wa makaratasi. Ukutani kalenda ya kanisa, na kila mwezi ameandika kwa penseli, pembeni mwa majina ya watakatifu, ni ndege gani wamefika na wapi wamekwenda. Kila tulipopanga aliinjika ndizi za mtori, na harufu ya ndizi na mafuta ya taa ikachanganyika mpaka ikawa ndiyo harufu ya kazi yetu. "Kwanza ndege, pili miguu, tatu choo," ndivyo alivyonifundisha. Yaani ujue kwanza ndege yuko wapi mwezi huo na anaamka saa ngapi, kisha ujue mwenye miguu mibovu kuliko wote anatembea vipi, kisha ujue kina mama watajisaidia wapi bila aibu. Ukikosa hilo la tatu, alisema, mwakani hawarudi, hata ungewaonyesha malaika.

Januari tulikwenda Kahe. Nilitangulia wiki moja, nikahesabu dakika kati ya mfereji na mfereji, nikaandika palipo na kivuli na palipo na mbwa. Siku yenyewe, jua la kiangazi likiwaka, tulikuta korongo wametanda mashambani, mamia, wamesimama nyuma ya wakulima wanaomwagilia kana kwamba nao wanasubiri zamu ya maji. Mwalimu alituambia wametoka Ulaya na mwezi wa tatu watarudi. Ile habari ilinichoma. Ndege ana safari yake na tarehe yake, mimi nina posta! Wengine walikula maandazi chini ya mti, mimi nikazunguka shamba zima peke yangu mpaka nikarudi nimeungua shingo. Masika ilipokuja hatukupanda juu, njia zote zilikuwa utelezi, tukasubiri mvua zikatike ndipo tukaingia msitu wa Rau, kwenye unyevu na mbega waliotudondoshea matunda kichwani. Agosti tukaenda Kilema, baridi kali, ukungu, wazee wamevaa makoti mawili mawili, na tukamsikia kulukulu mchana kutwa bila kumwona hata unyoya. Nilichukia. "Nimepima njia hii mara mbili ili tusikilize?" nikamlalamikia Mwalimu. Akaandika kwenye daftari lake, kulukulu, sauti tu, akasema kusikia nako ni kumpata. Daftari lile lilikuwa na kanuni moja, kwamba huandiki ulichotamani kukiona, unaandika kilichokuwepo.

Nilichoanza kukigundua ni kwamba njia zake zote zilikuwa na tobo. Alikuwa mzaliwa wa Uru, anajua kila mti wa kule, na kila mtu kundini alisema vuli hakuna mahali kama Uru, kwenye mikuyu iliyo karibu na msitu, hondohondo wanapokusanyika. Lakini ukitazama ramani zake za mkono, mstari unafika Uru kisha unakwepa, unazunguka kwa barabara kubwa kama maji yanavyozunguka jiwe. Jibu nililipata kwa masikio tu. Siku za soko alikuja shangazi yake, Apolonia, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akiuza ndizi, na akimaliza alipumzika chumbani kwa Mwalimu. Mimi niko bombani nachota maji, pazia ni jepesi. Walianza kwa Kichagga, wakipandwa na hasira wakahamia Kiswahili, sijui kwa nini watu hufanya hivyo.

"Melkiori anazeeka, Yustina," shangazi akasema. "Miaka tisa! Baba yako anakula peke yake kama mchawi."

"Aliyeniambia nisikanyage kwake ni yeye."

"Kwa sababu ulisema maneno gani, tena juu ya kaburi, padre hajaondoka? Ulisema amemuua mama yako."

"Sikusema amemuua. Nilisema alikuwa mgonjwa tangu Juni na baba akasema hospitali ni baada ya kuvuna kahawa. Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini mwombe radhi, yaishe."

"Nikimwomba radhi, shangazi, nimemwambia mama alijifia tu. Sitaki. Aniombe yeye."

"Melkiori aombe? Mbele ya mtoto? Mae! Utasubiri mpaka mlima uhame."

Ndoo yangu ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika miguuni. Nilijua nimesikia kitu ambacho sikupaswa kukisikia, na nilijua pia kwamba Mwalimu, ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, alikuwa analia. Kuanzia siku hiyo nilimwona kila jioni akichora njia ya vuli, akifuta, akichora tena, na kila mara ule mstari unakwepa palepale. Sikuuliza baba yake anakaa kitongoji gani. Laiti ningeuliza.

Novemba nikapanda kupima Uru. Njia aliyonipa ilikuwa ya kipuuzi, anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa barabara kubwa tungefika kwenye mikuyu saa tano, wakati hondohondo wameshashiba na kuondoka. Niliijaribu mara moja, nikakasirika, nikaanza kupenya migombani kutafuta njia yangu. Nikaikuta. Kilikuwa kijia kinachofuata mfereji wa maji kati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani yenye migomba na kahawa, kinapita nyuma ya nyumba za watu, kinatokea moja kwa moja chini ya mikuyu. Dakika arobaini badala ya saa mbili na nusu! Nilirukaruka peke yangu. Kwenye kihamba cha mwisho kabla ya mikuyu palikuwa na lango la miti, na ndani mzee mrefu mwenye kofia ya pama akipogoa mibuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa mjini, Majengo. Nimetumwa na Mwalimu Yustina, napima njia ya kutazama ndege. Tunaomba kupita hapa Jumamosi, watu kama kumi na wanne hivi. Hatutagusa kitu."

Mkasi wake ukasimama hewani. Akanitazama muda mrefu mpaka nikaanza kubadilisha mguu. "Na huyo mwalimu," akauliza, "naye atakuja?"

"Atakuja, babu, ndiye kiongozi wetu."

"Basi piteni," akasema, akarudi kwenye mibuni yake.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Asubuhi za vuli kule ukungu ni mzito, na kijia kile kina njia panda nyingi. Sikuwa na utepe wala chokaa. Lakini kila ua, kila mpaka, umejaa yale majani marefu ya kijani, magumu, hayanyauki wiki nzima. Mimi ni mtoto wa Majengo, nilikuwa nayaona tu kama majani ya ua. Nikachuma, nikafunga moja moja kwenye kila njia panda, nikiimba, hadi nikafikisha kumi na saba, na la kumi na saba nikalifunga kwenye lango la yule mzee. Nikashuka mjini nimefurahi kupita kiasi. Mwalimu sikumwambia neno. Nilitaka kumshangaza.

Jumamosi nikamwomba niongoze mbele. Yeye desturi yake ilikuwa kutembea mwisho, nyuma ya mwenye miguu mibovu kuliko wote, ili asipotee mtu. Ukungu ulikuwa kama nilivyotabiri, humwoni wa mbele yako ila koti lake. Nikawapitisha kwenye jani la kwanza, la pili, la tatu, nasikia nyuma yangu muuguzi mstaafu akimuuliza karani wa benki, "Haya masale nani kayafunga, kuna kesi huku?" Sikuelewa, nikaongeza mwendo. Tulipokaribia lango nikaona moshi, nikasikia sauti za wanawake na vyombo vikigongana. Ndani kulikuwa na turubai limetandazwa, mabenchi, sufuria kubwa tatu mekoni, na watu wazima wamevaa nguo za Jumapili. Langoni amesimama yule mzee, amevaa koti. Kando yake, jamani, amesimama Shangazi Apolonia. Hapo ndipo nilipojua nimewaleta kwa nani. Melkiori nilimjua kwa jina, na sasa nimemjua kwa sura.

Mkono ukanishika kiwiko kwa nyuma, ukanivuta migombani. Mwalimu alikuwa anahema. Mkononi ameshika mojawapo ya majani yangu.

"Haya umefunga wewe?"

"Ni alama za njia, Mwalimu. Ni majani ya ua tu…"

"Ni isale, Zuhura! Kwetu aliyekosa anampelekea aliyekosewa isale lililofungwa fundo, na akilipokea hawezi kukataa kusamehe. Umelifunga langoni kwa baba yangu. Ukamtajia jina langu?"

"Nilimtajia."

Akafumba macho. "Umeniombea radhi. Tazama watu wale, ameita ukoo mzima. Umekwenda kuniombea radhi kwa neno ambalo ni la kweli."

Nilianza kulia kama mtoto. Nikamwambia nitakwenda kumweleza mzee sasa hivi, nitasema nilikosea mimi, turudi. Aliwatazama watu wetu wamelowa, wanasalimiana na shangazi, akamtazama baba yake pale langoni. Mzee alikuwa amekonda, koti linamcheza mabegani. "Nikigeuka hapa," akasema taratibu, "watamcheka mpaka afe. Watasema ameletewa isale na upepo." Akapangusa viganja kwenye sketi yake akatoka migombani. Mimi nikamfuata.

Mzee Melkiori alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "Isale la binti yangu limefika, nimelipokea." Kisha akatia mkono mfukoni, akalitoa lile jani, akamwekea Mwalimu kiganjani, akamfumba vidole kwa mikono yake miwili. Shangazi Apolonia akashtuka. "Melkiori! Isale halirudishwi!" Mzee akamwambia, "Nyamaza, Apolonia." Mwalimu akafungua kiganja akalitazama. Alilitazama muda mrefu mno, kichwa ameinamisha, nami nikajua anapigana na hasira, anafikiria kulitupa. Mwishowe akalichomeka kwenye daftari lake la ndege, akalifunga.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Waingize watu wako, chai inapoa."

Tulikula siku ile, aisee. Mtori mzito, machalari ya mbuzi, maziwa mgando, mbege kwa wanaokunywa. Hondohondo walifika kwenye mikuyu juu ya vichwa vyetu, sita, wanapiga kelele kama mbuzi, na fundi cherehani akasimama juu ya benchi na darubini huku ameshika mfupa. Mwalimu alikaa kwenye benchi karibu na baba yake, hawazungumzi sana, mzee anamchagulia nyama nzuri anamwekea sahani. Kila nilipomwangalia nilijiambia, tazama, umemlazimisha kumeza neno la mama yake. Sikuweza kukaa. Nikaenda zizini, mzee alipokwenda kuwapa ng'ombe majani ya migomba, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Kwamba isale halikutoka kwa Mwalimu. Kwamba hajaomba radhi. Kwamba nilikuwa natia alama za njia kwa ajili ya ukungu.

Hakugeuka. "Nilikuona," akasema. "Ulipita hapa unaimba. Ulifunga kumi na saba, nikayafuata nyuma yako nikiyahesabu. Unafunga kama kamba ya kiatu, mtoto wa hapa wa miaka mitano hafungi vile. Jirani yangu wa chini mpaka leo hajui nani kamkosea, na yule wa mfereji jana kamrudishia mwenzake panga alilokaa nalo tangu mwaka juzi."

"Sasa babu, kama ulijua, kwa nini umeita watu?"

Akaendelea kuwalisha ng'ombe. "Umekula nyama?" akauliza. "Kale. Mbuzi kachinjwa na Juma wa dukani, nilimwita kwa ajili yako." Halafu akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na hili la kuona, usimwambie Yustina. Nakuomba."

Mzee wa umri ule kuniomba mimi! Nikaahidi. Na ahadi ile, ndugu zangu, imenikosesha raha kuliko kitu chochote nilichowahi kubeba. Desemba barua ya chuo ikaja, nikaondoka Moshi, nikaishi Tabora, nikaishi Dodoma, sikukaa mahali zaidi ya miaka minne. Kila nilipokuja likizo nilimkuta Mwalimu ametoka Uru au anakwenda Uru. Kila Jumapili baada ya misa alipitia kwa baba yake, na matembezi ya vuli yakawa yanaishia pale, turubai lilelile, mpaka mzee alipofariki mikononi mwake. Mara moja nilimchokoza. "Mwalimu, mliwahi kulizungumza lile la mama?" Akasema, "Tuzungumze nini? Tunakunywa chai." Alisema akitabasamu, mimi nikaona tabasamu la mtu aliyeshindwa kwa heshima. Nilitaka kupasuka. Nilitaka kumwambia, Mwalimu, hakudanganyika, alijua hukuomba, aliitumia tu nafasi ile ili urudi. Lakini nilikuwa nimeahidi. Na kama ningemwambia, ningempunguzia nini? Angebaki vilevile yeye ndiye aliyeinama.

Jana ndipo nilipochoka kulizunguka lile begi. Nikakaa chini, sakafuni, kama alivyoagiza. Ilikuwemo darubini yake yenye kioo kimoja chenye ufa, na madaftari tisa yaliyofungwa kwa raba ya baiskeli. Nilitafuta la mwaka ule. Januari Kahe, korongo, "hawahesabiki, Zuhura ameungua shingo." Agosti Kilema, kulukulu, sauti tu. Nikafungua Novemba, na isale likadondoka mapajani mwangu, kavu, rangi ya tumbaku, bado limefungwa.

Nikaliinua karibu na dirisha. Lile fundo halikuwa langu. Lilikuwa limezungushwa mara mbili, ncha imepitishwa chini na kuchomekwa ndani, fundo la mtu aliyefundishwa na baba yake naye akafundishwa na wake. Yule mzee alilifungua langu akalifunga upya, la kwake, ndilo alilomwekea binti yake kiganjani. Nikasoma alichoandika, kwa penseli, mwandiko ukiwa umetikisika kidogo kwa sababu alikiandika palepale langoni au kwenye benchi, sijui.

*Uru, vuli. Ukungu hadi saa nne. Hondohondo 6. Chozi, wengi, kwenye maua ya migomba. Kulukulu 1, ameonekana. Isale 1. Fundo ni la baba.*

Nimesoma mara ngapi sijui. Nimecheka, nimekasirika, nimemtukana Mwalimu kwa sauti mpaka mhudumu akagonga kuuliza kama nina shida. Kwa hiyo alipokuwa ameinamisha kichwa pale langoni hakuwa anapigana na hasira. Alikuwa anasoma. Ukoo wote uliona binti amekuja kuomba radhi, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiombwa radhi na baba yake, wala hakumwaibisha mzee kwa kusema, si siku ile, si miaka yote iliyofuata. Wote wawili walijua, wakanywa chai. Mimi niliyekuwa na siri ndimi pekee niliyekuwa sijui.